Kifuniko cha Mvua na Pumzi ya Mtoto



Wasomaji wetu wapenzi, mvua za masika huku Pwani Kusini huwa hazipigi hodi. Asubuhi jua la Diani laweza kuwa kali, na kabla ya adhuhuri wingu limeshapanda kutoka baharini na kumimina maji yote liliyoyabeba. Siku moja ya mwezi wa Mei, tulikuwa tumejikinga pamoja na watu wengine kadhaa katika baraza ya msikiti mmoja ulio kando ya barabara kuu iendayo Lunga Lunga, baina ya Ukunda na Msambweni. Mara akaja binti mmoja akisukuma kigari cha mtoto mbiombio. Buibui lake lilikuwa limerowa chepechepe, lakini kigari chenyewe kilikuwa kimefunikwa gubigubi kwa plastiki nzito iliyo wazi kama kioo, na vifungo vyake vimekazwa pande zote.

Tulimpisha, na wengi wetu tukamsifu kwa kumtanguliza mwanawe mbele ya nafsi yake. Alitueleza kwamba anatoka kliniki, mtoto amepata chanjo ya wiki ya 14, na kwamba kigari kile kililetwa na shemeji yake kutoka Maskati. Palikuwa na bibi mmoja aliyeketi pembeni na kikapu chake cha mihogo. Yeye hakusifu. Aliuliza tu, "Mwanangu, mtoto yu vipi humo ndani?"

"Amelala, bibi, alhamdulillahi. Hata tone moja halikumfika."

"Hebu mfunue nimwone."

Kilichotoka kwanza kilikuwa ni mvuke, na pamoja na mvuke ile harufu kali ya plastiki mpya, harufu ya ndara zilizotolewa dukani leo. Mtoto nywele zilikuwa zimelowa kwa jasho, shingo ni moto, mwili umelegea. Hakushtushwa na upepo wala na sauti zetu. Bibi akamtoa, akamvua sweta na soksi, akaanza kumpepea kwa ncha ya leso yake. Ukapita muda ambao kwetu ulikuwa mrefu kuliko khutba yoyote tuliyowahi kuisikiliza, kisha mtoto akakunja uso, akalia. Sote tukamhimidi Mwenyezi Mungu. Binti akampakata na kumnyonyesha huku machozi yakimtoka. "Sheikh," akasema, "mimi nilichelea mvua tu." Tulimshauri arudi kliniki siku ile ile mtoto aangaliwe, alirudi, na akaonekana mzima.

Neno lile la binti hatukuweza kulisahau, kwani hata sisi tulikuwa tukiichelea mvua tu. Nyumbani kwetu kulikuwa na kifuniko cha namna ile ile, tulichomnunulia mjukuu wetu. Tulikichagua miongoni mwa vingine kwa sababu kilikuwa kizito zaidi na hakikuwa na tundu hata moja. Tulidhani uzito ndio ubora. Makala haya ni matokeo ya kuuliza na kusoma kwetu tangu siku ile, nayo yote yamesimama juu ya jambo moja: mtoto aliye chini ya kifuniko ana haki ya kukauka na ana haki ya kuvuta hewa safi, na hiyo haki ya pili ndiyo yenye kutangulia.

Plastiki laini ilipata wapi ulaini wake

Vifuniko vingi vya bei nafuu vilivyo wazi kama kioo hutengenezwa kwa plastiki iitwayo PVC. Kwa asili yake PVC ni ngumu. Ndiyo ile ya mabomba ya maji tunayoyanunua katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Mwaka 1926 mtaalamu wa Kimarekani, Waldo Semon, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya B.F. Goodrich, aligundua njia ya kuilainisha kwa kuichanganya na vimiminika fulani. Haukupita muda mrefu ikawa inashonwa makoti ya mvua na mapazia ya bafuni, na baadaye vifuniko vya vigari vya watoto.

Vilainishi vilivyotumika zaidi ni kemikali za jamii moja zinazojulikana kama thaleti. Shida yake ni kwamba hazishikamani barabara na plastiki yenyewe. Mfano wake ni mahamri yaliyofungwa katika gazeti: mafuta yamo ndani ya mahamri, lakini baada ya muda twayaona yamehamia kwenye karatasi. Hali kadhalika thaleti hutoka polepole katika plastiki, na hutoka zaidi plastiki inapopata joto, inapochakaa, au inapolowa mate ya mtoto. Utafiti wa miaka mingi umezihusisha baadhi ya kemikali hizi na kuvurugika kwa homoni za mwili, hasa zile zinazohusika na ukuaji wa viungo vya uzazi vya watoto wa kiume. Zaidi ya hayo, katika kutengeneza PVC yalitumika pia madini ya risasi na kadimiamu ili plastiki isiharibiwe na joto na jua, na risasi yajulikana kwa kudhuru ubongo wa mtoto.

Hatusemi kwamba mtoto akikaa chini ya kifuniko kama hicho mara moja atapatwa na maradhi. Madhara ya aina hii hujengeka kidogo kidogo, kwa mambo mengi yanayokusanyika. Lakini mtoto mchanga huvuta pumzi upesi kuliko mtu mzima, ngozi yake ni nyororo, na kila kinachofika mkononi hukipeleka kinywani. Kwa sababu hiyo serikali kadhaa zimeweka mipaka. Jumuiya ya Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2005, ilizizuia thaleti kadhaa katika vitu vya kuchezea na vya kulelea watoto zisizidi asilimia 0.1 ya uzito wa plastiki. Marekani ilifuata kwa sheria ya mwaka 2008. Kisha tangu tarehe 7 Julai 2020 Ulaya ilipanua zuio la thaleti nne likaingia katika bidhaa nyingine nyingi zinazogusa mwili wa mtu.

Tarehe hizi zatuhusu sisi wa Kwale. Vigari vingi vinavyosukumwa Ukunda na Diani ni mitumba iliyotoka Ulaya, au ni zawadi za jamaa walioko Ghuba. Kigari ni chuma na kitambaa, chaweza kudumu miaka mingi na kulea watoto wa nyumba tatu. Lakini kifuniko kilichokuja nacho yamkini kilitengenezwa kabla ya sheria hizo, na uchakavu wake wazidisha kutoka kwa vilainishi. Kwa hiyo kigari cha mtumba si aibu wala si hatari. Kifuniko cha mtumba ndicho cha kuchunguzwa.

Namna ya kuchagua dukani

Kwanza, tafuteni maandishi. Ikiwa kwenye lebo pameandikwa PVC au vinyl, au pana pembetatu ya mishale yenye nambari 3 ndani yake, hiyo ndiyo plastiki tuliyoieleza. Zilizo afadhali ni polithini, ambayo alama yake ni PE na kwa kawaida nambari 2 au 4. Polipropilini, yaani PP nambari 5. Na zile zinazoandikwa EVA, PEVA au TPU. Hizi ni laini bila ya kuhitaji vilainishi vya thaleti. Mkiona maneno ya kudai kwamba bidhaa haina sumu, bila ya kutaja imetengenezwa kwa nini, msiyategemee peke yake. Kifuniko kisicho na jina la plastiki yake ni kama nyama isiyojulikana imechinjwa wapi. Mwenye kuacha hakupoteza kitu.

Pili, tumieni pua, lakini kwa akili. Harufu kali ni sababu tosha ya kukirudisha kifuniko dukani. Hata hivyo, thaleti zenyewe kwa kawaida hazina harufu kubwa. Tunachokinusa mara nyingi ni kemikali nyingine zilizobaki kiwandani. Basi kukianika kifuniko kivulini siku kadhaa na kukiosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu ni jambo jema, nalo hupunguza harufu na vumbi, lakini halikigeuzi kifuniko kibaya kuwa kizuri. Harufu itaondoka na kilainishi kitabaki.

Tatu, kiguseni. Plastiki inayonata kama imepakwa mafuta, iliyogeuka rangi ya manjano, au iliyoanza kukakamaa na kupasuka kwenye mikunjo, imeshakwisha muda wake.

Nne, angalieni njia za hewa. Kifuniko kizuri kina matundu ya kutosha pande zote mbili, kina dirisha la mbele linaloweza kufunguliwa, na hakibani hadi chini. Plastiki isikaribie uso wa mtoto hata anapojinyoosha au anapotupa mikono. Kifuniko cha plastiki njema kisichopitisha hewa ni kibaya kuliko kifuniko hafifu kinachopitisha.

Na asiyepata chochote katika hivi asidhani kwamba amekosa. Mwavuli mpana unaofungwa kwenye mpini wa kigari, pamoja na paa la kitambaa ambalo vigari vingi huja nalo, hukinga mvua ya kawaida na kuacha hewa ipite. Fundi cherehani naye aweza kushona kifuniko cha kitambaa cha mwavuli kwa ajili ya paa na ubavu unaopigwa na upepo wa kusi, na kuacha upande wa pili wavu mtupu. Miguu ya mtoto ikirowa kidogo, itapanguswa.

Joto ni adui aliye karibu

Tumeyaeleza ya kemikali kwa urefu kwa kuwa hayaonekani kwa macho. Lakini yaliyomfika yule mtoto barazani hayakuwa ya kemikali. Yalikuwa ya joto na uhaba wa hewa, na haya hayahitaji miaka; yahitaji nusu saa tu.

Mwaka 2014 gazeti la Svenska Dagbladet la Sweden lilifanya jaribio siku ya kiangazi. Kigari kisichofunikwa kilikuwa na nyuzijoto 22 ndani yake. Kilipofunikwa kwa blanketi jepesi tu, baada ya nusu saa joto lilipanda hadi 34, na baada ya saa moja likafika 37. Hiyo ni nchi ya baridi, na kilichofunika ni kitambaa. Tafakarini basi hali ya plastiki katika Pwani yetu, ambako hata siku ya mvua hewa haipoi sana, na ambako mvua ikikatika jua hutoka papo hapo na kuligeuza lile hema la plastiki kuwa tanuri.

Mtoto mchanga hana uwezo kama wetu wa kuupoza mwili wake, wala hana ulimi wa kusema kwamba amehemewa. Joto la kupita kiasi ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini. Kwa hiyo tunawasihi kina mama na kina baba: mvua ikikatika, kifuniko kiondolewe hapo hapo, si baada ya kufika nyumbani. Mkiingia dukani, katika matatu au chini ya baraza, kiondoeni. Kila baada ya dakika chache ingizeni mkono mguse shingo au kifua cha mtoto, wala msitosheke na kugusa viganja, kwani viganja hupoa hata mwili ukiwa na joto. Mkiona jasho jingi, kupumua kwa haraka au kulegea, mtoeni kwenye hewa, mpunguzeni nguo na mnyonyesheni. Asipoamka sawasawa, apelekwe hospitali bila ya kungojea mvua wala jua.

Na walio wengi, wasio na kigari

Twajua kwamba nyumba nyingi za Gazi, Kinondo, Mwabungo na Vanga hazina kigari, na mtoto husafiri mgongoni kwa mama yake. Hukumu ni ile ile. Tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, ule mfuko mwepesi umepungua, na badala yake twaona vipande vya nailoni nzito vilivyokatwa madukani vikitandazwa juu ya mtoto na kichwa chake. Hilo ni la kuachwa kabisa. Nailoni ikirowa hunata usoni, na mama hamwoni aliye nyuma yake.

Lililo bora ni mtoto kuhamishwa kifuani, afungwe kwa leso akiwa wima, uso wake umeelekezwa pembeni ambapo mama anauona, kisha mama avae koti la mvua lililo pana au ashike mwavuli. Joto la mwili wa mama lamtosha mtoto. Hata hospitalini watoto waliozaliwa kabla ya wakati hulelewa kwa kuwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, ili wapate joto. Ndani ya tuktuk, pazia la plastiki la upande mmoja liachwe wazi kidogo. Nalo mara nyingi ni la plastiki ile ile tuliyoitaja, na siku ya mvua hufungwa likahifadhi harufu na joto pamoja. Ama boda boda, mvua ikiwa kubwa, mama amwambie dereva asimame wajikinge. Kichwa cha mtoto kisifunikwe ili safari isikatike.

Rukhsa ya mvua

Tulimuuliza yule binti kwa nini hakungoja mvua ipungue. Alijibu kwamba alichelea kuonekana mzembe, kwani kwao walikuwa wakimsubiri apike chakula cha mchana. Hapa ndipo tulipoona kwamba kosa halikuwa la kifuniko peke yake.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku Pwani, mvua ni miongoni mwa sababu zinazomruhusu anayeswali jamaa msikitini kuzikusanya swala mbili katika wakati wa ile ya kwanza, kwa masharti yake yanayojulikana. Na imethibiti katika Sunna kwamba usiku wa mvua na baridi watu hutangaziwa waswali majumbani mwao. Ikiwa sheria imemhurumia mwanamume mzima mwenye mwavuli na miguu yenye nguvu, katika jambo zito kama swala, sisi ni nani hata tusimhurumie mama aliyebeba kiumbe cha miezi mitatu kwa sababu ya sufuria ya wali? Mume asimkaripie, mavyaa asimwite mvivu. Akae barazani hadi mvua ipite. Tena walioko barazani wampishe pahala pakavu.

Hata siku ya chanjo yenyewe ina nafasi. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zina tarehe zake na haifai kuzipuuza, lakini mvua kubwa ikimzuia mama leo, aende kesho au kesho kutwa. Kuchelewa siku moja hakubatilishi chanjo. Asingoje tu hadi mwezi upite. Mtoto mwenye homa au anayepumua kwa shida ndiye asiyengoja. Huyo apelekwe ingawa mvua inanyesha, akingwa kwa namna tulizozitaja.

Kifuniko chetu kimeishia wapi

Tuliporudi nyumbani jioni ile tulikitoa kile kifuniko cha mjukuu wetu. Katika ukingo wake mmoja tulikuta pembetatu, na ndani yake nambari 3. Tulikuwa tumekipita mara nyingi bila ya kukisoma. Wazo la kwanza lilikuwa ni kukichoma pamoja na taka za uani, kama ilivyo desturi ya majumba mengi. Tukazuiwa na yale tuliyoyasoma: PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi na sumu ziitwazo dayoksini, na moshi huo huingia katika mapafu ya wale wale watoto tunaotaka kuwakinga. Basi msivichome. Vitumieni mbali na watoto na vyakula, na vikishachakaa vipelekwe penye kukusanywa taka.

Chetu kimefunika kuni nyuma ya jiko, na masika haya kuni zetu hazikurowa. Mjukuu wetu ana mwavuli. Mama yake humfunua na kumgusa shingo kila mara, hata sisi tunapomwambia kwamba mtoto yuko salama, na twaona kuwa yeye ndiye aliyepata na sisi ndio tuliokosea.

Twamuomba Mwenyezi Mungu aijaalie mvua hii kuwa ya heri na baraka, na atuhifadhie watoto wetu waliomo majumbani na njiani. Wabillahi tawfiq.